Msiondoke, Hamjanifukuza Bado

Umewahi kumwona mtu akipanda ghorofa nane kwa miguu, mlango hadi mlango, akiwabembeleza watu waje wamfukuze kazi? Kama hujawahi, kaa vizuri, maana huyu alikuwepo, daftari kalibana kwapani na kalamu kaipachika sikioni kama seremala.

Alikuwa msimamizi wa jengo. Jengo lenyewe lilikuwa na nyumba thelathini na mbili, nne kila ghorofa, kila nyumba na mwenyewe aliyeinunua, na kila mwenyewe na kichwa chake. Vya wote vilikuwa ngazi, paa, matangi ya maji, taa za ngazini, mapipa ya taka na pampu. Na msimamizi. Huyo naye alikuwa wa wote.

Yeye, mkewe na mama mkwe wake, watoto wakiwa wameshakua na kwenda zao, walikaa chini kabisa, katika vyumba viwili vilivyotolewa pamoja na kazi. Ukuta wa kulia ulipakana na chumba cha pampu, kwa hiyo pampu ikiwaka vikombe kabatini vilianza kusalimiana. Dirisha la mbele lilitazama mapipa ya taka. Chini ya dirisha hilo mke aliweka cherehani yake, akashona sare za shule miaka kumi na mmoja, akiwajua wakazi wote kwa mifuko yao ya taka kabla hajawajua kwa sura. Na sebuleni ukutani, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi, palikuwa na kisanduku cha kengele chenye vitaa thelathini na viwili. Mtu wa nyumba yoyote akibonyeza kitufe chake huko juu, kengele inalia na kitaa chake kinawaka.

Jumatatu hiyo mke alifunua kawa, mvuke ukapanda.

"Kula haraka, baba watoto. Leo nimekiwahi kikiwa cha moto."

Msimamizi akanawa. Akakata tonge la kwanza. Kengele ikalia mara moja, fupi.

"Namba saba," mke akasema bila kugeuka. "Huyo hubonyeza kama anayepiga mhuri."

"Labda maji yamemkatikia."

"Labda. Chakula nacho hakijawahi kumkatikia mtu?"

Lakini mumewe alikwisha simama. Mke akachukua kawa, akafunika. Kawa hilo lilikuwa limechakaa pembeni kwa kufunikwa na kufunuliwa, na mama yake, bibi aliyekuwa akichambua maharage kwenye mkeka, akalitazama, akacheka kwa pua.

"Mwanangu," akasema, "wenzio wakipata mke mwenza huwa ana miguu miwili. Wako wewe ana ghorofa nane."

Namba saba alikaa mwenyekiti wa wenye nyumba, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Watu walimwita Mzee Ibara, naye hakuchukia, alidhani ni heshima. Alimfungulia msimamizi akiwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kipajini.

"Karibu, Bwana Msimamizi. Keti. Wewe ni mtu mwema."

"Asante, mzee."

"Ndiyo maana jambo hili linaniuma." Akafungua kijitabu. "Wewe mwenyewe uliniletea katiba hii ya jengo ili nitafute ibara ya kununua pampu mpya. Nikaisoma. Nikaisoma yote. Kosa langu ni hilo, nikianza kusoma siachi. Sikiliza ibara ya kumi na saba. Msimamizi atawasilisha kila mwaka cheti cha usafi wa bwawa la kuogelea. Asipokiwasilisha miaka mitatu mfululizo, kikao kinachofuata kitapiga kura ya kumwondoa."

Msimamizi akangoja mzee acheke. Mzee hakucheka.

"Lakini mzee wangu, hatuna bwawa."

"Najua. Nimekaa hapa kuliko wewe, sijawahi kulowa."

"Sasa?"

"Sasa ibara haikusema 'kama bwawa lipo.'"

Ilivyokuwa ni hivi. Wale wa kwanza walionunua nyumba humo, zamani, walikuwa na haraka ya kuhamia. Badala ya kutunga katiba yao, waliazima ya jengo moja la matajiri, wakafuta jina la jengo lile, wakaandika la kwao, wakapiga mhuri. Hakuna aliyeisoma. Kila mwaka kwenye kikao walifika kwenye kipengele cha "Taarifa ya bwawa", msimamizi akasema "Halipo", mwandishi akaandika "Taarifa imepokelewa", wakaendelea na taa za ngazini.

"Si tukaifute hiyo ibara, mzee?"

"Kufuta kunataka wenye nyumba wote thelathini na wawili wakae kikao kimoja. Hawa hawakukaa pamoja hata siku jengo lilipotoa moshi." Mzee akavua miwani ya machoni, akashusha ya kipajini. "Mimi binafsi nakupenda. Lakini ibara ni ibara. Jumapili saa nane mchana. Kwanza wewe, kisha pampu."

"Na akidi isipotimia?"

"Mara mbili haijatimia. Ya tatu ikishindikana, tunangoja miezi sita."

Msimamizi aliposhuka ngazi, hilo la miezi sita ndilo lililomchoma. Pampu haikuwa na wiki sita. Ilikuwa inakohoa. Kila alfajiri aliishika ubavu kama mgonjwa, akaisikiliza, akaipaka grisi, na maji yalipofika matangini juu, yeye chini alisikia mabomba yote ya jengo yakivuta pumzi. Sauti hiyo aliipenda kuliko redio. Hakuwahi kumwambia mtu, maana angeanzaje?

Akarudi kwenye chakula chake, baridi kama kawaida, akawaeleza.

"Nusu ya wenye nyumba na mmoja juu. Watu kumi na saba. Nikiwapata, pampu inanunuliwa."

"Na wewe unafukuzwa," mke akasema.

"Huenda. Lakini wasipokuja, hakuna maji ghorofa ya nane."

"Kwa hiyo utapanda kuwabembeleza waje wakufukuze."

"Nitawabembeleza waje kwa ajili ya pampu. Hilo la kufukuzwa lipo tu kwenye karatasi hiyohiyo."

Bibi akaweka ungo chini. "Mkwe wangu, mimi darasa langu dogo. Hebu nieleze. Wanakutoa kwa uchafu wa maji yasiyokuwepo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nimeishi sana." Akashika fundo la nguo yake kiunoni. Humo alikuwa amefunga ufunguo wa nyumba ya marehemu mumewe, vyumba viwili na ua mdogo pembezoni mwa mji, ambako mpangaji alikuwa amehama mwezi uliopita.

"Tutatafuta mpangaji mwingine wa ile nyumba," msimamizi akasema, alipouona mkono wa mama mkwe hapo kiunoni. "Kodi itatusaidia nikikosa kazi."

"Tutaona," mkewe akasema. Kisha akavuta kiti karibu. "Baba watoto, mimi siku nyingi nilitaka kukwambia kwamba..."

Kengele ikalia, ndefu, bila kukoma.

"Namba kumi na moja," akasema mke, akarudisha kiti mahali pake. "Huyo hubonyeza kama anaua mende. Nenda."

*

Jumanne alikwenda ofisi ya afya. Si kwamba alitaka kudanganya, lakini alifikiri huenda serikali ina cheti cha bwawa lisilokuwepo. Bwana afya alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Akamsikiliza, akatoa fomu.

"Urefu wa bwawa?"

"Halina."

"Nitaweka mstari. Rangi ya maji?"

"Hakuna maji."

"Hayo ni mazuri, hakuna mbu. Kina?"

"Andika sifuri."

Bwana afya akainua kichwa. "Kina sifuri ni hatari sana, ndugu yangu. Mtu akijitosa humo si atavunjika shingo? Siwezi kutia sahihi. Nenda mkaongeze kina, au mweke uzio na tangazo la onyo."

Msimamizi akamshukuru, akaondoka. Njiani alijikuta anafikiria uzio ungekaa wapi.

*

Jumatano akaanza kupanda. Alianzia ghorofa ya tatu, kwa Mama Saluni, aliyesuka watu nywele mjini mchana na nyumbani jioni, na aliyekuwa na kisa naye.

"Nikija, kaka, nakwambia wazi mapema, nitapiga kura uondoke," akasema akiwa mlangoni, mikono kiunoni. "Ulinifungia maji nina mteja kichwani ana dawa. Dakika arobaini! Nywele zilibaki kwenye kitana kama nyasi."

"Bomba la juu lilikuwa limepasuka, dada. Ningeacha, lingekuangukia."

"Lingeniangukia ni langu. Mteja yule alikuwa bibi harusi!"

"Una haki ya kukasirika. Njoo tu. Ukija inatosha. Kura yako piga unavyopenda."

Mama Saluni akamtazama, akakosa pa kupeleka hasira. "Haya, nitakuja. Na kwa kuwa umeshafika, angalia hilo sinki, linadondosha usiku kucha."

Msimamizi akapiga magoti chini ya sinki. Kabla ya kazi hii alikuwa fundi bomba, na fundi hasa, wa kuitwa na kulipwa, mwenye baiskeli yenye kengele yake mwenyewe. Akabadilisha kipira alichokitoa mfukoni mwake.

"Ukimaliza hapo, na kitasa cha chooni," Mama Saluni akasema. "Lakini usidhani umeninunua."

Ghorofa ya sita walikaa mume na mke waliokuwa hawasemezani tangu mwanzo wa mwaka. Nyumba yao ilikuwa na kura moja tu, na majina yao wawili. Msimamizi alisimama katikati ya sebule, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Mwambie huyo," mume akasema akitazama dari, "kwamba Jumapili nitakwenda mimi."

"Amesikia," msimamizi akasema.

"Mwambie naye huyo," mke akasema, "kwamba nyumba hii nusu yake ni yangu, sijui atapiga nusu kura?"

"Jamani," msimamizi akasema, "njooni wote wawili, mkae kiti kimoja kimoja. Swali la kwanza ni rahisi. Msimamizi abaki au aondoke?"

Mume akafikiri. Mke akafikiri. "Aondoke," wakasema kwa pamoja, kisha wakageuka, wakatazamana, mara ya kwanza baada ya miezi. Mke akaziba mdomo kwa mkono. Mume akacheka, naye akacheka.

"Mnaona?" akasema msimamizi, na furaha yake haikuwa ya kuigiza. "Mnaweza kukubaliana." Akashuka ngazi moyo mweupe, akafika ghorofa ya tano ndipo akakumbuka walichokubaliana.

Aliyemwumiza kichwa zaidi alikuwa daktari wa meno wa ghorofa ya nane, mtu aliyempenda kwa dhati. Alimkuta anapanda na ndoo mbili, akampokea moja.

"Jumapili niko zamu," daktari akasema akihema. "Niandikie barua ya uwakilishi, nikabidhi kura kwako. Nitasaini."

Msimamizi akafungua daftari juu ya ndoo. "Niandike abaki au aondoke?"

"Wewe unaonaje?"

"Siwezi kukushauri, daktari. Jambo lenyewe linanihusu."

"Kweli." Daktari akajikuna shingo. "Nikiandika ubaki, watasema ulinishawishi, maana barua ni mwandiko wako na mbebaji ni wewe. Watakuchafulia jina. Andika aondoke."

"Aondoke?"

"Kulinda heshima yako."

Akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri wa kulala, aliojifunza shule ya msingi, na neno "aondoke" lilitokea la kupendeza sana.

*

Kufikia Jumamosi alikuwa na ahadi za watu kumi na watano, na barua tano mkononi. Ishirini. Watatu kati ya hao wa barua walitaka aondoke, wawili abaki. Akazipanga mezani kwa namba, akazibana kwa kibanio cha nguo.

"Choma hizo tatu," mkewe akasema, akikata uzi kwa meno. Alisema kama mtu anayejaribu mlango aone umefungwa au la.

"Ni kura za watu."

"Ni kura za kukutoa wewe, na umezibeba wewe, utazisoma wewe."

"Zikipungua, tukikosa akidi kwa mtu mmoja je? Pampu, mama watoto."

"Pampu." Mke akaikanyaga cherehani kwa nguvu, ikanguruma. "Miaka kumi na mmoja nasikia pampu. Nikilala pampu. Siku ya msiba wa baba yangu uliondoka kaburini kwa sababu ya pampu."

Msimamizi akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa kweli.

"Kwa nini mnarushiana maneno?" Bibi akasema kutoka mkekani. "Binti yangu, mwambie mtu huyu ulichonacho, au kimeze. Chakula ukikaa nacho mdomoni kinachacha."

Mke akaacha cherehani. Akafungua mdomo. Kengele haikulia. Akatazama kile kisanduku, akangoja, bado haikulia, na ukimya huo ukamtisha kuliko kengele. Akaangalia mikono ya mumewe, vidole vyenye grisi kwenye kucha, vikinyoosha barua zile kwa upole kama nguo za mtoto. Akasema tu, "Kesho vaa shati jeupe. Nimelipiga pasi."

Ndipo simu ya mke ikalia. Alikuwa muuguzi wa namba kumi na tisa, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, ambaye mke wa msimamizi alimmwagilia maua mwaka wa tatu sasa.

"Dada yangu, nimesikia habari za kikao. Nimetuma barua kwa mwenyekiti, kura yangu nimekupa wewe."

"Mimi? Nipige vipi?"

"Utakavyo. Wewe ndiye unayekaa humo, mimi nakaa kwenye picha tu. Maua yangu hayajambo?"

"Hayajambo," mke akasema, na akakaa na simu mkononi muda mrefu baada ya mwenzake kukata.

Msimamizi alifurahi sana. "Ishirini na moja!" akasema. Akaandika namba kumi na tisa chini kabisa ya orodha.

*

Jumapili saa nane wakakaa chini ya jengo, kwenye maegesho ya magari, maana ukumbi hawakuwa nao. Msimamizi alikuwa amefagia, amemwaga maji kuua vumbi, amepanga viti vya plastiki vya kuazima, na kimoja chenye mguu mbovu amekiweka cha kwake. Mke na bibi wakakaa nyuma, karibu na gari bovu la ghorofa ya nne.

Walikuja kumi na tano kamili. Mzee Ibara akagonga meza kwa funguo zake.

"Ajenda ya kwanza, kuondolewa kwa msimamizi."

Msimamizi akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba ruhusa. Nipeni pampu kwanza, halafu mnifukuze. Nikishafukuzwa nani atawaeleza ukubwa wa pampu inayotakiwa?"

Wakanong'onezana. Hata Mzee Ibara akakiri kwamba katiba haikukataza kupindua mpangilio wakikubali wote. Wakakubali wote. Msimamizi akasimama, akawaeleza pampu. Akaeleza uzito wake, nguvu zake, fundi wa kuifunga, namna kila nyumba itakavyochangia kidogo kidogo kwa miezi minne. Alizungumza vizuri kuliko walivyomjua. Alipomaliza, mikono ikapanda yote, pamoja na wa Mama Saluni, wakapiga makofi, na mtu akasema, "Kazi nzuri, Msimamizi." Yeye akatazama chini, akajifanya kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni.

Kisha wakaanza kuinuka. Wa ghorofa ya kwanza alikuwa na wageni, mwingine ameacha sufuria jikoni. Mume na mke wa ghorofa ya sita walikuwa wameshikana mikono, wanataka kwenda kutembea.

"Ajenda bado!" Mzee Ibara akapaza sauti. "Ibara ya tisa! Akidi ikivunjika kabla ya ajenda kuisha, maamuzi yote ya kikao ni batili!"

Msimamizi akasikia batili, akaiona pampu yake mpya ikirudi dukani. Akaruka kiti, akasimama kwenye njia ya kutokea, mikono kaitanua kama golikipa.

"Jamani! Msiondoke, hamjanifukuza bado!"

"Tutakufukuza wiki ijayo," akasema mwenye sufuria.

"Wiki ijayo hapana! Nifukuzeni leo, tafadhali. Dakika kumi tu. Sufuria yako nitakwenda kuipunguzia moto mimi mwenyewe." Na kweli, alichukua ufunguo, akapanda mbio, akapunguza moto, akarudi anahema. Kikao kizima kilikuwa kikimngoja mshtakiwa atoke kukoroga maharage ya mpiga kura.

Wakakaa tena. Mzee Ibara akasoma ibara ya kumi na saba kwa sauti ya mahakama. Alipofika kwenye bwawa, Mama Saluni akasimama.

"Ngoja kwanza. Ina maana tulikuwa na bwawa siku zote, mkatuficha?"

"Hakuna bwawa, mama."

"Sasa huyu anaondolewa kwa nini?"

"Kwa kutokileta cheti chake."

"Basi cheti kipo?"

"Hakipo, kwa sababu bwawa halipo."

"Mimi nalipa michango tangu nihamie," akasema mwenye wageni, "na sijawahi kuoga hata siku moja! Nataka kujua bwawa limekwenda wapi."

Ikawa vurugu nusu saa. Wengine walidai bwawa, wengine walidai lisichimbwe maana watoto watazama, na mtu mmoja akapendekeza msimamizi aombe radhi kwa niaba ya bwawa. Akaomba. Ndipo kura zikaanza.

Utaratibu ulikuwa wa kuita namba za nyumba, na mwandishi aliyepaswa kuita hakuja. Kazi za mwandishi asipokuwepo, katiba ilisema, zinafanywa na msimamizi. Basi yeye akashika orodha, akavuta pumzi.

"Namba moja. Unataka nini, msimamizi abaki au aondoke?"

"Abaki. Taa yangu hujaifunga."

"Namba tatu. Unataka nini?"

"Aondoke. Samahani, Msimamizi."

"Hakuna shida. Namba saba?"

Mzee Ibara akajiangalia mikono. "Aondoke," akasema kwa sauti ndogo. "Ibara."

Mama Saluni alipoitwa alivuta midomo, akatazama huku na huku. "Sinki halidondoshi tena," akasema kwa hasira, kama anayelalamika. "Abaki, basi! Msinitazame."

Waliokuwepo wakaisha, saba aondoke, nane abaki. Zikabaki barua. Msimamizi akazisoma moja moja, akajiuliza na kujijibu, kama mtu anayecheza bao peke yake. Aondoke. Abaki. Aondoke. Abaki. Ya daktari ikawa ya mwisho: "Aondoke, kulinda heshima yake." Akaweka alama. Akahesabu. Kumi, na kumi.

Ikasikika pampu ya zamani ikikohoa nyuma ya ukuta.

"Imebaki moja," Mzee Ibara akasema, na uso wake ukakunjuka, maana alijua kura hiyo iko kwa nani. Wote wakajua. Wakageuka nyuma wakitabasamu, wengine wakianza kutafuta viatu vyao. Mwenye sufuria akasema, "Imekwisha hiyo. Mke atamwangusha mumewe?"

Msimamizi naye akatabasamu, shati jeupe limemganda mgongoni. Alikwisha anza kuandika "abaki" kwa ule mwandiko wa kulala. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, akainua kichwa, akauliza kama alivyowauliza wote.

"Namba kumi na tisa. Unataka nini?"

Mke akasimama. Mkono wake ulikuwa umeshika kitu, na wa mbele waliona ni ufunguo, na bibi pembeni yake alikuwa anafunga upya fundo la nguo lililobaki tupu.

"Hilo swali," mke akasema, "umeliuliza nyumba thelathini na mbili wiki nzima. Chini hukufika."

Msimamizi akashusha kalamu.

"Uliza tena," akasema mkewe. "Niulize mimi, siyo namba."

Akasahau orodha. Akasahau mwenyekiti na akidi. "Mama watoto," akasema, "unataka nini?"

Mke akawatazama watu wale wote, ambao taka zao alizijua, ambao vidole vyao alivijua kwa milio ya kengele. Hakuwa na chuki nao. Akamgeukia mumewe.

"Nataka uondoke," akasema. "Uondoke nami. Nimefuta madirisha yote ya nyumba ya baba, Jumamosi nne sasa, ukidhani nakwenda sokoni. Baiskeli yako nimeitia hewa. Hawa wakitaka bomba watakuita, utakuja, watakulipa, utarudi. Nataka nyumba ambayo mtu akipiga hodi ni mgeni. Na nataka, mume wangu, nikuone unamaliza sahani moja ya chakula ingali ya moto."